Kufika Marekani si kazi, kazi ni kukaa

Safari ya mtu wa pwani kwenda Marekani si jambo lililoanza jana. Mnamo Aprili 30, 1840, merikebu ya Sayyid Said wa Zanzibar, jina lake Sultana, ilitia nanga katika bandari ya New York. Ilikuwa imepakia karafuu, tende, kahawa, ngozi na pembe za ndovu, na mkuu wa safari ile alikuwa Ahmad bin Naaman. Aliuza mali aliyopeleka, akanunua ya kununuliwa, merikebu ikatengenezwa, na baada ya miezi kama mitatu akatweka matanga kurudi. Picha yake iliyochorwa huko ingaliko hadi leo katika jumba la makumbusho la Salem, Massachusetts. Na ile nguo ambayo mabibi zetu waliiita marikani iliitwa hivyo kwa sababu ilitoka katika viwanda vya nchi hiyo.

Lakini Ahmad bin Naaman alikwenda akarudi. Hawa wetu wa leo huenda wakakaa. Wako waliokwenda kwa masomo, na wako walioposwa na waume walio kule. Wengine waliingia kwa bahati nasibu ya viza iliyowekwa na sheria ya 1990, na wengine, kama ndugu zetu Wabarawa waliokuwa katika kambi za Mombasa baada ya vita vya Somalia kuanza mwaka 1991, walichukuliwa kama wakimbizi. Leo lugha yetu husikika Minneapolis, Columbus, Atlanta na Dallas, na Wakongo waliohamia huko wameizidisha.

Ndugu msomaji, kila nyumba hapa kwetu ina mtoto, shemeji au mpwa aliye kule au anayetaka kwenda. Tunapomsindikiza tunampa halua, achari na dua, na hayo ni mema. Lakini ni wachache wanaompa habari. Ndiyo maana leo ukurasa huu unazungumza na msafiri mwenyewe, na mwishoni utazungumza na wazee wake wanaobaki.

KARATASI KWANZA, NGUO BAADAYE

Kabla ya kukunja kanzu na buibui, kusanya vyeti: cha kuzaliwa, cha ndoa kutoka kwa Kadhi, vya shule na kazi, na kadi za chanjo za watoto, kwani shule za kule huzitaka kabla mtoto hajakaa darasani. Cheti kilichoandikwa kwa Kiarabu au Kiswahili kifanyiwe tafsiri ya Kiingereza yenye sahihi ya mfasiri.

Jambo linalowasumbua watu wetu kuliko mengine yote ni jina. Sisi humwita mtu kwa jina lake, la babake na la babu yake. Tuseme mume ni Ali Omar Said, mkewe ni Fatma Salim Abdalla, na binti yao ni Khadija Ali Omar. Kwetu hapana asiyeelewa. Lakini karani wa Kimarekani huhesabu jina la mwisho kuwa ndilo la ukoo, kwa hiyo anaona nyumba moja yenye Said, Abdalla na Omar, naye huuliza kama kweli hawa ni baba, mama na mtoto. Usikasirike wala usibadilishe jina kwa haraka ili kumridhisha. Toa cheti cha ndoa na cha kuzaliwa, basi mambo yamekwisha.

Linaloharibu zaidi ni tahajia. Mohamed, Mohammed na Muhammad kwetu ni mtu mmoja, bali katika mashine za serikali ya kule ni watu watatu. Hakikisha jina limeandikwa herufi kwa herufi sawa katika pasipoti na vyeti vyote, na kama kuna kosa lirekebishwe hapa hapa nyumbani. Tena usisafiri na pasipoti yenye jina moja tu. Mtu kama huyo huandikiwa herufi FNU mahali pa jina la kwanza, maana yake jina halijulikani, na wako wanaoitwa kwa herufi hizo hospitalini kana kwamba ndilo jina walilopewa na wazazi wao.

Tarehe nazo zimepinduka. Wao hutanguliza mwezi. Mtoto aliyezaliwa tarehe 5 Agosti, ukimwandikia 5/8, umemfanya azaliwe Mei 8. Andika jina la mwezi kila unapoweza.

Mwenye kadi ya ukaazi, ile iitwayo green card, akiwa ametimiza miaka 18 sheria inamtaka awe nayo popote aendapo. Mgeni yeyote mkaazi akihama nyumba, hata kama ni mtaa wa pili, lazima aijulishe idara ya uhamiaji katika muda wa siku 10. Hili ni rahisi kulifanya na rahisi kulisahau.

Liko na tego jingine. Unapokwenda kuchukua leseni ya gari, karani anaweza kukuuliza kama ungependa kuandikishwa kupiga kura. Ikiwa wewe si raia, jibu ni hapana. Sheria ya 1996 imekuwa kali mno kwa mgeni anayejidai kuwa raia, na wako waliofungiwa mlango wa uraia, hata wakarudishwa makwao, kwa alama moja ya kalamu waliyoitia bila kusoma.

VITU VYA KUACHA NYUMBANI

Katika uwanja wa ndege utapewa nafasi ya kutaja ulichobeba. Kitaje. Nyama, hata ikiwa imekaushwa na mama kwa mikono yake, na matunda mabichi huzuiliwa, na anayeficha hutozwa faini. Pesa taslimu zikizidi dola 10,000 si haramu kubeba, ila lazima uzitangaze.

Miraa usiitie hata mfukoni. Hapa watu huila barazani mchana kweupe, lakini huko kiini cha miraa mbichi kimewekwa daraja moja na heroini. Bangi nayo yataka tahadhari. Utaona maduka yakiiuza wazi katika majimbo kadhaa, ukadhani imeruhusiwa. Jimbo limeruhusu, lakini serikali kuu haijaihalalisha, na mambo ya uhamiaji ni ya serikali kuu. Mwenyeji atavuta aende zake, na mgeni afutiwe ukaazi.

JUA, SAA NA KIBLA

Mtu aliyekulia Mombasa amezoea Magharibi kuingia kati ya saa kumi na mbili na saa moja mwaka mzima. Minneapolis jua la Juni huzama yapata saa tatu usiku, na la Desemba huzama yapata saa kumi na nusu alasiri. Mwezi wa Ramadhani ukiangukia kiangazi, saumu hupita saa kumi na saba, na ukiangukia majira ya baridi, mtu hufuturu akiwa bado kazini. Chukua ratiba ya swala ya mji ule ule unaokaa. Na ujue kwamba katika majimbo karibu yote saa husogezwa mbele kwa saa moja Jumapili ya pili ya Machi, na kurudishwa nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba.

Kibla pia chageuka. Hapa Mombasa tunaelekea kaskazini karibu sawasawa. Amerika ya Kaskazini misikiti mingi huelekea kaskazini-mashariki, kwa sababu dunia ni mviringo na njia ya mkato ya kufika Makka hupitia huko. Usibishane na imamu siku ya kwanza.

Ama ahadi, zishike. Ukipewa miadi ya daktari saa nne kamili, ukifika saa nne u nusu waweza kuambiwa urudi mwezi ujao. Inshallah yako iwe ya kweli, isiwe ya kukwepa.

NYUMBA YA KUPANGA

Nyumba hupangwa kwa mkataba, mara nyingi wa mwaka mzima, na anayehama kabla ya muda huandamwa na deni. Kabla ya kuingiza mizigo, piga picha kila ukuta, zulia na bomba, ili siku ya kutoka usije ukakatwa amana yako kwa uharibifu uliokuwapo tangu awali. Mkataba husema ni watu wangapi wakae. Kwetu mgeni hafukuzwi, lakini ndugu watano wakilala sebuleni kwa miezi mitatu, mwenye nyumba atakuwa na haki ya kuwatoa nyote.

Darini kuna kidude cha kunusa moshi. Bibi akifukiza udi katika chetezo, au akikaanga sambusa bila kufungua dirisha, kitalia king'ora mpaka jirani watoke nje. Wengine hukiziba au hukitoa betri. Usithubutu. Nyumba nyingi za kule zimejengwa kwa mbao, na moto hupanda upesi. Fungua dirisha, ufukize kidogo.

Kubwa kuliko hilo ni makaa. Baridi ikishika na umeme ukakatika, mtu wa kwetu atakumbuka jiko. Jiko la makaa likiwashwa ndani ya nyumba iliyozibwa kila upenyo hutoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini. Familia nzima za wageni zimepotea kwa namna hiyo. Usiwashe makaa ndani, wala usiache gari likinguruma katika gereji iliyofungwa.

Na jirani usimwingilie kwa hodi tu. Mpigie simu kwanza. Si kwamba ana roho mbaya. Ndiyo desturi yao, na ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba lako jicho.

BARABARA NA ASKARI

Magari ya kule hupita kulia. Hapa tumefunzwa kutazama kulia kwanza tunapovuka. Huko ni kushoto kwanza. Wafunze watoto hilo kabla ya kupanda ndege, kwani mazoea ndiyo yanayomtia mtu chini ya gari.

Usiendeshe gari lisilo na bima, wala la rafiki bila kujua bima yake yakufikia. Mtoto mdogo hapakatwi. Hufungwa katika kiti chake maalumu. Askari akikusimamisha, egesha pembeni, kaa ndani, mikono yote miwili juu ya usukani, na usitie mkono mfukoni wala kwenye sanduku la gari mpaka umwambie unachotaka kuchukua. Ukishuka kwenda kumwamkia kama tufanyavyo hapa, atadhani unamwendea kwa shari. Na tafadhali, usimwonyeshe noti. Kile tunachokiita chai, kule ni kosa kubwa kuliko lile la mwendo wa kasi, na faini ya shilingi chache huwa kifungo.

Pakiwa na moto, wizi au mgonjwa mahututi, namba ni 911. Waweza kusema neno moja tu, "Swahili", nao hutafuta mkalimani.

KAZI NA SWALA

Mwenye shahada ya Nairobi aweza kujikuta akiwaogesha wazee katika nyumba za wauguzi au akipanga masanduku ghalani. Kazi si aibu. Aibu ni kuifanya miaka kumi bila kutafuta namna ya kuthibitisha vyeti vyako. Anza kuulizia hilo mwaka wa kwanza, hata kama ni darasa moja la jioni.

Kima cha chini cha mshahara cha serikali kuu ni dola 7.25 kwa saa, nacho hakijapanda tangu 2009, ingawa majimbo mengi yameweka zaidi. Wafanyakazi wengi wa kulipwa kwa saa, wakizidisha saa 40 kwa wiki, hustahili mara moja na nusu kwa zile za ziada. Mshahara hukatwa kodi ya mapato kabla haujakufikia, pamoja na asilimia 6.2 ya akiba ya uzeeni na asilimia 1.45 ya matibabu ya wazee. Kila mwaka, kabla ya Aprili 15, hesabu za kodi hupelekwa serikalini. Mara nyingi mtu wa kipato kidogo ndiye anayerudishiwa.

Ijumaa ni siku ya kazi kama Jumatano. Lakini usikate tamaa. Sheria ya Haki za Raia ya 1964 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 15 au zaidi ampe mfanyakazi nafasi ya dini yake, isipokuwa pale ambapo itamletea taabu kubwa katika biashara yake. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilimpa haki msichana wa Kiislamu aliyenyimwa kazi katika duka la nguo kwa ajili ya mtandio wake. Mwaka 2023 mahakama hiyo hiyo, katika kesi ya Mkristo mmoja wa posta aliyekataa kazi ya Jumapili, iliamua kwamba usumbufu mdogo tu si udhuru kwa mwajiri. Hukumu hiyo ya Jumapili yamfaa pia mtu wa Ijumaa. Kwa hiyo omba mapema, kwa barua na kwa adabu: dakika kumi za Adhuhuri, au saa moja ya Ijumaa utakayoilipa jioni. Wengi hupewa. Anayetoroka kwa siri ndiye afukuzwaye, na huyo hana kesi. Ukidhulumiwa, malalamiko yana muda, siku 180 kwa kawaida, na 300 katika majimbo mengi.

KADI, DENI NA RIBA

Hapa ndipo wengi walipozama. Marekani humpima mtu kwa namna alipavyo madeni. Kampuni tatu, Equifax, Experian na TransUnion, huweka daftari la kila mtu, na kutokana na daftari hilo hutolewa alama kati ya 300 na 850. Mwenye alama nzuri hupata nyumba ya kupanga na hata simu kwa urahisi. Mgeni hana daftari, na kutokuwa na daftari huhesabiwa karibu sawa na kuwa na daftari baya.

Kwa hiyo benki itakuletea kadi ya mkopo. Hiyo si sawa na kadi ya akaunti yako, ambayo hutoa pesa ulizoweka mwenyewe. Kadi ya mkopo hutoa pesa za benki. Ukilipa deni lote kabla ya siku iliyowekwa, kwa kawaida hutozwi kitu juu ya vitu ulivyonunua. Ukilipa kile kiasi kidogo wanachokutajia, kilichobaki huzaa riba, na riba za kadi hizi mara nyingi hupita asilimia 20 kwa mwaka. Kukopa harusi, kulipa matanga. Mwislamu ana sababu mbili za kuiepuka: inamla mfuko na inamla dini. Wanavyuoni wamezungumza mengi juu ya kadi yenyewe, muulize unayemwamini. Anayeichukua, basi na aitumie kwa kitu kimoja, mathalan mafuta ya gari, na ailipe yote kila mwezi bila kuchelewa hata siku moja.

Nyumba ya kununua nayo si lazima iwe kwa riba. Iko kampuni ya LARIBA iliyoanzishwa California mwaka 1987, na Guidance Residential iliyoanza kazi mwaka 2002, ambazo hushirikiana na mnunuzi badala ya kumkopesha. Soma mkataba wao vilevile, kwani jina la Kiarabu halimzuii mtu kusoma.

Usitie sahihi yako kumdhamini mtu kwa sababu ya haya. Akishindwa yeye, deni ni lako, na daftari ni lako.

Na mtu akikupigia simu akidai ni wa kodi au wa uhamiaji, akakutaka ununue kadi za zawadi za dukani umsomee namba zake, huyo ni mwizi. Serikali haiombi kadi za zawadi.

Dukani, bei uliyoona si utakayolipa, kwani katika majimbo mengi kodi ya mauzo huongezwa mwishoni. Katika mkahawa, anayekuhudumia hungojea bakshishi ya asilimia 15 hadi 20, maana mshahara wake ni mdogo.

UGONJWA NA CHAKULA

Matibabu ya kule ni hodari na ghali. Bima ya mwajiri, kama ipo, ichukue hata ikikukata mshahara. Mtoto aweza kukaa katika bima ya mzazi mpaka atimize miaka 26. Kwa homa na kikohozi usikimbilie chumba cha dharura, kwani bili yake yaweza kuwa mshahara wa miezi. Ziko kliniki za jamii zinazotoza kwa kadiri ya kipato. Lakini pakiwa na hatari ya roho, nenda bila kungoja. Sheria ya 1986 inazilazimu hospitali zinazopokea pesa za Medicare, nazo ni karibu zote, kumpima na kumtuliza mgonjwa wa dharura hata kama hana senti. Bili ikija, usiitupe. Iandikie hospitali uombe msaada au kulipa kidogo kidogo.

Nyama ya halali hupatikana katika miji mingi. Taabu ni nguruwe aliyejificha. Jifunze maneno "ham", "bacon", "pepperoni" na "lard", na "gelatin" ambayo hutiwa katika peremende na vitamu vya watoto. Shule uiarifu kwa barua kile mtoto asichokula.

NDOA NA WATOTO

Nikaha ya msikitini peke yake haitoshi mbele ya serikali. Chukueni kwanza kibali cha ndoa cha kaunti, kisha sheikh afungishe na atie sahihi. Mke asiye na karatasi ya serikali, siku mume akifariki au akimwacha, hupata taabu kubwa kudai haki yake. Talaka ya mdomo nayo haitambuliwi. Lazima ipite mahakamani, na asiyefanya hivyo akaoa tena, kwa sheria yao ameoa wawili. Mke wa pili ni kosa huko, na anayekwenda kwa nia ya kuishi na wake wawili hunyimwa ukaazi, na uraia pia. Afadhali jambo hili lisemwe wazi wakati wa posa, kuliko binti wa watu kuligundua akiwa ugenini pasipo mjomba wala shangazi.

Mtoto mdogo haachwi nyumbani peke yake, na fimbo iliyotufunza sisi huko yaweza kuleta askari mlangoni na mtoto kuchukuliwa. Mzazi atafute njia nyingine ya kurudi, na njia iko: maneno, mfano mwema, kunyimwa anachokipenda.

Kiswahili nacho msikiache. Kiingereza mtoto atakipata shuleni bila kutumwa. Kiswahili asipokipata mezani hatakipata popote, na siku akimpigia bibi yake simu atabaki kusema neno moja na kucheka. Mwacha mila ni mtumwa. Wazazi wawili wakikubaliana kwamba ndani ya nyumba ni Kiswahili tu, na madrasa ni Jumamosi na Jumapili, mtoto hukua na vyote viwili.

WASIA NA MAZIKO

Hatupendi kulizungumza, lakini mauti hayaombi viza. Asiyeandika wasia huko, mali yake hugawanywa kwa sheria ya jimbo, si kwa mirathi ya Kiislamu, na watoto wadogo mahakama ndiyo huwachagulia mlezi. Andika wasia, utiwe sahihi na mashahidi kama jimbo litakavyo, ueleze mgawanyo wa mirathi, utaje mlezi, na useme wazi kwamba utazikwa Kiislamu.

Maziko yenyewe hupitia kampuni za mazishi, nayo hugharimu maelfu ya dola. Kumsafirisha maiti hadi Mombasa huongeza gharama na siku, ilhali dini inahimiza haraka. Misikiti mingi ina makaburi yake au chama cha kuzikana. Jiunge nacho ukiwa mzima. Na wazee mlio hapa, mkiletewa habari kwamba mtoto wenu atazikwa alikofia, msiwalazimishe ndugu zake waombe michango mji mzima. Ardhi yote ni ya Mwenyezi Mungu.

NENO KWA WALIOBAKI

Sasa nawageukia nyinyi baba na mama. Dola haichumwi mtini. Tuseme kijana analipwa dola 17 kwa saa na kufanya saa 40. Kwa wiki nne ni dola 2,720 kabla ya kodi. Pango laweza kumeza nusu, kisha gari, kwani miji mingi bila gari hapana kazi, kisha bima, chakula na simu. Anachowaletea mara nyingi ni kile alichojinyima. Wako wanaofanya kazi mbili, wakilala saa nne, kwa sababu kila simu kutoka nyumbani ina harusi, paa la nyumba au karo ndani yake. Wengine huacha masomo, na wengine huacha kupokea simu. Huyo aliyeacha kupokea simu si kwamba amewasahau. Ameishiwa na la kujibu.

Kubalianeni naye kiasi kimoja kwa mwezi, na mwaka wa kwanza kiwe kidogo. Naye atume kutoka akaunti yake ya benki au kwa kadi ya Marekani. Tangu Januari 1, 2026 anayelipia kwa noti taslimu hukatwa kodi ya asilimia 1 ya anachotuma ng'ambo, na anayetumia akaunti au kadi hakatwi.

Akipata uraia wa kule siku moja, msilie kwamba mmempoteza. Katiba yetu ya 2010 inamruhusu aliyezaliwa Mkenya kubaki Mkenya hata akichukua uraia mwingine.

Basi kabla ya kumsindikiza uwanjani, kaeni naye usiku mmoja, mfunge mlango, mtazame jina katika kila karatasi, mkubaliane juu ya pesa, na mwandike namba ya simu ya msikiti mmoja katika mji anaokwenda. Asubuhi yake mpeni halua yake na dua yake, aende salama.